Saratani ya taya: Hesabu za kompyuta zinazosoma vita ndani ya damu ya mtoto

MSAFIRI atokaye mjini Kericho kwa barabara kuu ya kwenda Kisumu huuanza mwendo wake katikati ya mashamba ya majani chai, mahali penye baridi na mvua ya alasiri. Muda si muda barabara huanza kuteremka. Makoti huvuliwa, madirisha ya matatu hufunguliwa, na kufikia Kipsitet majani chai yamekwisha kutoweka, nafasi yake ikiwa imetwaliwa na miwa, mahindi na vichaka vya nchi ya joto. Hapo ndipo Soin.

Wakipsigis tangu jadi wameigawa nchi yao kwa kigezo hicho hicho. Mosop ni nyanda za juu zenye baridi, na soin ni nchi ya chini yenye joto. Mgawanyo huo uliwaelekeza wafugaji pa kulishia na wakulima pa kupanda. Lakini ulikuwa pia mpaka wa maradhi. Huku chini mbu aenezaye malaria hapumziki sana, ilhali kule juu huja kwa vipindi, na pengine kwa mlipuko mkali kama ile iliyoyakumba mashamba ya chai ya Kericho katika miaka ya 1990.

Katika nchi ya chini ya namna hii, kuanzia pwani ya Ziwa Victoria na mabonde yanayoizunguka, ndiko huonekana ugonjwa ambao wazazi wengi huuona kwanza kama jino bovu. Taya la mtoto huvimba, meno hulegea, na si ajabu mtoto akapelekwa kung'olewa jino kabla ya mtu yeyote kutaja neno saratani. Jina lake kitaalamu ni limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya seli za damu ziitwazo seli B, na hukua kwa kasi kuliko takriban saratani nyingine zote zimpatazo binadamu.

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa juu juu linaonekana kuwa mbali sana na Soin: jinsi wataalamu wa hisabati na kompyuta wanavyojaribu kuiga, ndani ya mashine, mapambano kati ya seli za saratani na askari wa mwili. Lakini msomaji akivumilia kidogo ataona kwamba ugonjwa huu wa Afrika Mashariki ni mojawapo ya mahali ambapo hesabu hizo zina maana kubwa, na ambapo tofauti ya siku chache huamua uhai.

Daktari na mpaka wa mita 1,500

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alikuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala. Alioneshwa mtoto aliyevimba pande zote za taya, juu na chini, jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona. Baada ya muda mfupi akakutana na mwingine. Alianza kukusanya kumbukumbu, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya kwanza ya uvimbe huo.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu na kusafiri takriban kilomita 16,000 kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakibisha hodi katika hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza kama uvimbe wa namna hiyo umeonekana huko. Majibu yalipowekwa kwenye ramani, yalichora ukanda. Karibu na ikweta ugonjwa huo ulikuwa nadra mahali palipo juu ya mita 1,500 hivi. Palipokuwa na joto na mvua ulikuwepo, na palipokuwa na baridi haukuwepo. Kwa lugha ya Wakipsigis, ulikuwa ugonjwa wa soin, si wa mosop.

Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mbu hubeba kirusi kinachosababisha saratani. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo zilizosafirishwa kutoka Uganda hadi London. Kirusi hicho leo huitwa Epstein-Barr. Ila mbu hakuwa na hatia ya kukisambaza. Kirusi hicho huenea kwa mate, na watu wazima karibu wote duniani wanacho mwilini mwao, wa Kericho na wa London sawia, bila kuugua saratani. Mbu alikuwa na hatia nyingine. Alikuwa akileta malaria, na malaria ikawa inamfungulia kirusi mlango.

Namna mlango huo unavyofunguliwa imechunguzwa kwa makini papa hapa magharibi mwa Kenya. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani, wakiwemo Ann Moormann na Rosemary Rochford, waliwalinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria ni ya mwaka mzima, na wale wa Nandi, ambako ni ya nadra. Soin inapakana na Kisumu, na Nandi haiko mbali, hivyo msomaji wa huku anaweza kujiona katikati ya utafiti huo.

Mambo mawili yalijitokeza. Kwanza, watoto wachanga wa Kisumu huambukizwa kirusi mapema zaidi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, takriban thuluthi moja ya wale wa Kisumu walikuwa wameambukizwa kabla ya kutimiza miezi sita, ikilinganishwa na karibu mmoja katika kila wanane wa Nandi. Pili, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba watoto wa Kisumu wenye umri wa miaka mitano hadi tisa, yaani umri ule ule ambao saratani hii hupenda, walikuwa na upungufu wa nguvu katika seli T zinazokilinda kirusi hicho kisitoroke. Walinzi hao wa Nandi walikuwa imara zaidi.

Zaidi ya hayo, malaria huzichochea seli B zijigawe kwa wingi, na katika pilikapilika hiyo makosa ya kunakili hutokea. Kosa linaloianzisha limfoma ya Burkitt linajulikana vyema: kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na, mara nyingi, kuunganishwa na kromosomu ya 14. Seli iliyopatwa na kosa hilo huwa kama gari lililobanwa mafuta bila breki.

Swali ambalo darubini haiwezi kulijibu

Hapa pana fumbo. Malaria wanaipata karibu watoto wote wa nchi ya chini. Kirusi wanacho karibu wote. Lakini wanaopatwa na saratani hii ni wachache tu katika kila watoto 100,000 kwa mwaka. Kwa nini huyu na si yule? Kwa nini walinzi wa mwili wa mtoto mmoja huizima seli mbovu asijue hata kwamba iliwahi kuwepo, na wa jirani yake hushindwa?

Huwezi kulijibu swali hilo kwa kumchungulia mtoto. Vita hivyo huanza miezi kabla ya taya kuvimba, kati ya seli chache zisizoonekana. Uvimbe wa gramu moja tu hukadiriwa kuwa na seli kati ya milioni 100 na bilioni moja. Seli moja ikijigawa mara 30 hufikia bilioni, na daktari hajaona lolote ila mwishoni kabisa mwa safari hiyo. Wala haiwezekani kumwambukiza mtu makusudi ili kutazama. Kinachobaki ni kuijenga vita hiyo upya kwa hesabu, kisha kuiacha ijichezee.

Wataalamu huita kazi hiyo kujenga modeli. Neno lisimtishe mtu. Modeli ni kanuni chache zilizoandikwa kwa namba, zinazosema nini huongezeka, nini hupungua na kwa kiasi gani. Tujenge moja hapa hapa, kwa karatasi na kalamu.

Tuseme ndani ya mtoto kuna seli za saratani, na kila usiku zinaongezeka maradufu. Kasi hiyo si ya kubuni tu, kwani seli za limfoma ya Burkitt zinaweza kujigawa kwa muda unaokaribia saa 24. Tuseme pia kuna askari 100 wa mwili, na kila mmoja anaua seli mbovu tano kwa siku. Nambari hiyo nayo ina msingi: utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba seli T muuaji huangamiza kati ya seli 2 na 16 zilizoambukizwa virusi kwa siku. Basi jeshi letu linaua seli 500 mchana, na zinazobaki huongezeka maradufu usiku.

Anza na seli 900. Mchana zinakufa 500, zinabaki 400, na usiku zinakuwa 800. Siku ya pili zinabaki 300 na kuwa 600. Siku ya tatu zinabaki 100 na kuwa 200. Siku ya nne askari wanazimaliza. Mtoto hajui lolote, mama yake hajui lolote.

Sasa anza na 1,200. Zinabaki 700, zinakuwa 1,400. Zinabaki 900, zinakuwa 1,800. Kisha 2,600. Kisha 4,200. Askari ni wale wale, bidii yao ni ile ile, lakini kila siku wanaachwa nyuma zaidi.

Na ukianza na 1,000 kamili? Zinabaki 500, zinarudi 1,000, siku nenda siku rudi. Hiyo 1,000 ni ukingo. Mtu wa Kericho anaweza kuielewa kwa kuutazama Msitu wa Mau. Matone mawili ya mvua yakiangukia kilele chake, moja hatua moja upande wa magharibi na jingine hatua moja mashariki, la kwanza litaishia Ziwa Victoria kwa kupitia mito kama Sondu au Nyando, na la pili litateremkia Bonde la Ufa. Yalitofautiana kwa hatua moja tu, lakini maziwa yao hayakutani.

Sasa tuingize malaria. Tuseme homa za mara kwa mara zimewachosha askari na kuwapunguza kutoka 100 hadi 90. Wanaua 450 badala ya 500. Mtoto aliyekuwa na seli 950, ambazo jeshi la watu 100 lingezimaliza, sasa anabaki na 500 zinazokuwa 1,000, halafu 550 zinazokuwa 1,100, halafu 1,300, na kuendelea. Ukingo umesogea kutoka 1,000 hadi 900, na mtoto huyo amejikuta upande wa pili wa mlima bila yeye kusogea.

Hilo linatoa jibu, japo la awali, kwa fumbo letu. Malaria haihitaji kuuvunja ulinzi wote. Kuupunguza kidogo kunatosha kuwavusha wachache waliokuwa wamekaribia ukingo, na wengine wote wakabaki salama. Ndivyo sababu iliyo ya kawaida inavyoweza kuzaa ugonjwa ulio nadra.

Kutoka karatasi hadi kompyuta

Bila shaka mwili haufanyi kazi kwa kanuni mbili. Askari huitwa kwa wingi wanapokutana na adui, nao hufa au huchoka katika mapambano. Saratani nayo haiongezeki bila kikomo, kwani chakula na nafasi huisha. Mwaka 1994 Vladimir Kuznetsov na wenzake, akiwemo Alan Perelson wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani, waliyaweka mambo hayo yote katika milinganyo miwili tu, mmoja wa seli za saratani na mwingine wa askari, na wakaipima kwa takwimu za panya waliokuwa na limfoma, tena ya seli B.

Milinganyo hiyo miwili ilitoa picha ambayo bado inarejelewa. Ilionesha ule ukingo tuliouona. Ilionesha pia hali ambapo saratani haimalizwi wala haikui, bali hulala kwa muda mrefu ikiwa ndogo, ikilindwa na askari kama mfungwa. Na ilieleza kioja ambacho wachunguzi wa panya walikuwa wamekiona bila kukielewa. Wakati mwingine uvimbe ulioanza na seli chache mno hufaulu, ule ulioanza na seli za wastani hushindwa, na ule ulioanza na nyingi hufaulu tena. Sababu ni kwamba seli chache mno haziwashtui askari, na kufikia wakati wanapoamka wamekwisha kuchelewa. Mwizi mmoja hupita kimya pale ambapo genge dogo lingewaamsha mbwa.

Kwa limfoma ya Burkitt hoja ya kupita kimya ina uzito wa pekee. Seli zake huvua karibu mavazi yote ya kirusi ambayo seli T huyatambua, zikabakiza protini moja iitwayo EBNA1. Mwaka 2009 kundi la Moormann liliripoti kwamba watoto wa Kenya wenye saratani hii walikosa mwitikio wa seli T dhidi ya protini hiyo hiyo. Yaani mwizi amebakiza alama moja tu usoni, na walinzi ndiyo wasiyoijua.

Ipo namna nyingine ya kujenga modeli, ambayo haina milinganyo ya umma wa seli bali humtazama kila mmoja kivyake. Kila seli ndani ya kompyuta hupewa mahali pake, umri wake na kanuni zake: sogea, tafuta, gusa, ua, jigawe, ufe. Kisha maelfu au mamilioni yao huachiliwa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, wakiwemo Karen Duca, Michael Shapiro na David Thorley-Lawson, walieleza programu waliyoiita PathSim, iliyoijenga ndani ya kompyuta pete ya tezi za koo na damu inayoziunganisha, na kuingiza humo kirusi cha Epstein-Barr, seli B na seli T. Tezi hizo za koo, yaani mafindofindo na jamaa zake, ndizo lango la kirusi hicho, na ndani ya programu maambukizi yalifuata mkondo unaofanana na ule uonekanao kwa binadamu.

Tangu hapo zana zimeongezeka. PhysiCell, programu iliyotolewa mwaka 2018 na kundi la Paul Macklin, inapatikana bure kwa yeyote, na huweza kuiga tishu yenye laki kadhaa za seli kwa kompyuta ya kawaida ya mezani. Naona jambo hilo lina maana kwetu kuliko linavyosemwa. Maabara ya kupasua jeni huhitaji mamilioni ya pesa, lakini mwanafunzi wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Kabianga, hapo Kericho, anahitaji kompyuta, umeme usiokatika na mtu wa kumpa takwimu sahihi.

Dawa, na siku zinazopotea

Burkitt aliona jambo jingine lililomshangaza. Katika miaka ya 1960, yeye mjini Kampala na madaktari wengine, akiwemo Peter Clifford jijini Nairobi, walianza kuwapa watoto hao dawa za saratani, kwa kiasi ambacho leo kingeitwa kidogo. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache. Wengi ulirudi. Lakini kulikuwa na watoto waliopewa dozi moja au mbili tu wakapona moja kwa moja. Dawa haikuweza kuwa imeua kila seli. Burkitt alihisi kwamba mwili wenyewe ulimalizia kazi.

Turudi kwenye karatasi yetu tuone kama inawezekana. Tulimwacha mtoto akiwa na seli 4,200 na askari 100 wanaolemewa. Tumpe dawa inayoua tisa katika kila seli kumi. Zinabaki 420. Kwa bahati mbaya dawa hizo huwaua askari pia, basi tuseme wamebaki 50, wanaoua 250 kwa siku. Zinabaki 170, zinakuwa 340. Zinabaki 90, zinakuwa 180. Siku ya tatu zimekwisha. Dawa haikuzimaliza. Ilizirudisha tu upande wa pili wa ukingo, na askari, hata wakiwa nusu, wakafanya yaliyosalia.

Lakini tumchukue yule yule akifikishwa hospitali akiwa na seli 42,000. Dozi ile ile inaacha 4,200, askari 50 wanaua 250, na kufikia asubuhi kuna 7,900. Sasa atahitaji dozi ya pili, na hapo pana mtego. Ukiitoa mara moja, askari waliobaki nao wanapukutika. Ukingoja wapone, uvimbe unaongezeka maradufu kila usiku. Ipo siku iliyo bora kati ya hizo mbili, na kuitafuta kwa dawa tatu au nne zenye sumu tofauti ni kazi ambayo kalamu haiiwezi. Ndiyo kazi kompyuta inayoifanya vizuri: kujaribu ratiba elfu kumi kwa mgonjwa asiyekuwepo, kabla ya kumpa aliyepo hata moja.

Kutoka seli 4,200 hadi 42,000, kwa kasi ya maradufu kila siku, ni muda usiotimia siku nne. Huo ni muda wa kawaida wa mzazi wa kijijini kutafuta nauli. Kutoka Soin mtoto hupelekwa kwanza zahanati, kisha pengine hospitali ya rufaa ya Kericho, na hatimaye Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu au ile ya Moi mjini Eldoret, ambako saratani za watoto hutibiwa. Kila kituo kina foleni yake. Wiki moja ni maongezeko saba, yaani mara 128.

Namba zangu ni za mfano, na uvimbe halisi hauongezeki kwa usafi huo, maana seli nyingi hufa zenyewe njiani. Hata hivyo umbo la hesabu ni lile lile. Katika saratani hii kuchelewa hakuongezi ugonjwa kwa kujumlisha, bali kwa kuzidisha.

Pale hesabu zinapokwama

Haitakuwa haki kuyasifu mambo haya bila kuutaja udhaifu wake. Milinganyo ya mwaka 1994 ilipimwa kwa panya wa maabara, ambao hawajawahi kuumwa na mbu wa Kipsitet. Askari wa mwili wa mtoto aliyepatwa na malaria mara kumi si sawa na wa panya aliyetunzwa chumbani. Modeli ikilishwa namba za mahali pengine itatoa majibu ya mahali pengine, tena kwa uhakika wa kutisha, kwa sababu kompyuta haijui kusitasita.

Namba zinazohitajika zimo ndani ya damu ya watoto wa magharibi mwa Kenya: ni seli T ngapi, zinaua kwa kasi gani, zinachoka baada ya homa ngapi, zinapona baada ya miezi mingapi. Kuzipata kunataka kumchoma mtoto sindano si mara moja bali mara nyingi, kwa miaka, na kumweleza mama yake kwa lugha anayoielewa damu hiyo inakwenda wapi. Ni kazi ya subira, na ndiyo sababu ulinganishaji ule wa Kisumu na Nandi una thamani kuliko programu yoyote.

Tena si kila saratani inakubali kuwekwa katika kanuni chache. Nenda upande wa Bomet, katika Hospitali ya Tenwek, ukaone. Huko saratani inayowatia watu hofu ni ya umio, mrija wa kupitishia chakula. Mwaka 2010 madaktari wa Tenwek na washirika wao walichapisha taarifa ya wagonjwa 109 wenye umri wa miaka 30 au chini yake, waliogunduliwa kuwa na saratani hiyo kati ya mwaka 1996 na 2009. Mdogo wao alikuwa na miaka 14. Kwingi duniani huo ni ugonjwa wa wazee. Chanzo chake hakijathibitishwa. Chai ya moto sana, pombe, moshi wa jikoni na urithi wa ukoo vyote vimechunguzwa, hata mursik imepimwa na kukutwa na kemikali inayojulikana kudhuru umio. Mjenzi wa modeli hapo hana mlango mmoja wa kuingilia kama malaria na kirusi. Ana milango mingi iliyofunguka nusu.

Kwa Burkitt, mlango uko wazi kiasi cha kuweza kuuliza swali la serikali. Mnamo Septemba 2019 Kenya ilizindua huko Homa Bay utoaji wa chanjo ya malaria kwa watoto wa kaunti kadhaa za magharibi, kama majaribio mapana. Chanjo hiyo haikubuniwa kwa ajili ya saratani, wala haizuii kila homa. Lakini tukirudi kwenye ukingo wetu, haihitaji kuzizuia zote. Ikiwa itawarejesha askari kutoka 90 hadi 95 tu, ukingo utapanda kutoka seli 900 hadi 950, na kuna watoto ambao hawatavuka. Ni wangapi, hilo ndilo swali la kulipa kompyuta sasa. Watoto wa kwanza kuchanjwa mwaka 2019 wameshaingia katika umri ule wa miaka mitano hadi tisa, na rejista za saratani za Kisumu na Eldoret ndizo zitakazoonesha kama hesabu hiyo ilikuwa sahihi.